"Bao 2" au "bao la 2"? Herufi mbili zimenigombanisha na mfadhili

Karani wa Mbagala

Habarini za jioni ndugu zangu, na wakubwa wote shikamoo.

Mimi ni karani wa timu yetu ya mtaani huku Mbagala. Nakaa pembeni ya uwanja na daftari, naandika nani kafunga, dakika ya ngapi, nani kapewa kadi, halafu jioni natuma matokeo kwenye kundi letu la WhatsApp. Huu ni mwaka wa nne naifanya kazi hii bila malipo, maana naipenda timu, na naona vijana wetu nao wanastahili kuandikwa vizuri kama wanavyoandikwa wale wa Ligi Kuu.

Jumapili iliyopita tulishinda 3-0. Kuna baba mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi ameahidi kutoa Sh10,000 kwa kila bao, na hela anapewa mfungaji mwenyewe. Baada ya mechi nikatuma hivi, neno kwa neno:

"Dk 12 jezi 9 bao 1. Dk 31 jezi 7 bao 2. Dk 78 jezi 9 bao 3. Mpira umekwisha 3-0."

Mweka hazina wetu hakuwepo uwanjani, alikuwa msibani Kigamboni. Usiku akafungua simu, akasoma, akajumlisha: jezi 9 bao moja na bao tatu, jumla nne, jezi 7 bao mbili. Asubuhi akamtumia jezi 9 elfu arobaini na jezi 7 elfu ishirini. Mchana mfadhili akauliza elfu sitini imetokaje kwenye mechi ya 3-0. Mpaka tunagundua, jezi 9 alikuwa ameshamtumia mama yake hela yote. Mfadhili amesema mbele za watu kwamba tumemla. Neno hilo limeniuma, kwa sababu daftari langu liko safi.

Mimi nilimaanisha bao la kwanza, la pili na la tatu. Mweka hazina anasema nimeandika "bao 2", na hapa Dar bao 2 ni bao mbili, mtoto wa darasa la kwanza atakwambia. Naomba kujua ni nani mwenye haki kati yetu, na nitaandikaje kwa kifupi bila kupotosha mtu. Maana naandika kwa simu, jua linazama na chaji imebaki asilimia sita.

Na kingine. Siku ya zawadi niliandika kwenye karatasi "mshindi wa 2", kijana aliyeshika kipaza sauti akasoma "mshindi wa mbili", uwanja mzima ukaguna. Mwenzangu ananiambia niandike 1st, 2nd, 3rd, kila mtu ataelewa. Ni sawa?

Fundi Simu Kkoo

Pole sana kaka. Andika kwa maneno tu, "bao la pili", hakuna atakayekosea. Herufi tano zaidi hazimalizi chaji.

Dawati la Zamani

Marahaba kijana wangu, na pole. Nimestaafu, lakini miaka mingi nilikaa dawati la michezo la gazeti moja hapa mjini. Wakati huo mwandishi aliyeko Mwanza au Mbeya alikuwa anapiga simu, anasoma habari yake sentensi kwa sentensi, nawe huku Dar unaandika kwa mkono, simu imebanwa begani. Laini inakwaruza. Nilichojifunza ni kwamba "bao la pili" na "bao mbili" havikuwahi kunichanganya hata laini ikiwa mbovu namna gani, kwa sababu ile "la" ilikuwa inasikika. Mkanganyiko unaanza pale mtu anapoweka tarakimu na kuitupa "la".

Kwa hiyo nianze na linalouma: mweka hazina wako alisoma sawasawa na ulivyoandika. Najua hukukusudia. Lakini tarakimu 2 peke yake, ikikaa baada ya jina, kwa Kiswahili inahesabu. Ili ipange, lazima itanguliwe na la, ya, wa, cha, kulingana na jina. Mwingereza anabandika herufi zake mkiani mwa tarakimu. Sisi alama yetu inakuja mbele. Ndiyo maana "nafasi ya 1st" inanichoma macho: "ya" imeshaifanya kazi, halafu zile herufi za mkiani zinakuja kuifanya upya kwa lugha nyingine, na msomaji wa kipaza sauti hajui atamke nini. Achana nazo.

Sasa ufupi unaoutafuta upo. "Bao la 2" ina herufi mbili zaidi ya "bao 2". Herufi hizo mbili zingewaokolea elfu thelathini.

Dawati letu lilikuwa na desturi yake: moja hadi kumi kwa maneno (bao la tatu, nafasi ya saba), kuanzia kumi na moja kwa tarakimu (nafasi ya 14, raundi ya 22). Dakika tu ndizo tuliziandika kwa tarakimu zote, dakika ya 7, dakika ya 63, kwa sababu jicho la msomaji wa michezo linazitafuta. Isipokuwa dakika ya kwanza. Bao la dakika ya kwanza linastahili maneno.

Na hapo kwenye dakika tukae kidogo, maana wengi wanateleza na wewe ndiye mshika saa. Mwamuzi akipuliza filimbi saa yako inasoma 0:00, na papo hapo mmeshaingia ndani ya dakika ya kwanza. Bao likiingia saa inasoma 11:20, dakika 11 zimekwisha na ya 12 inaendelea. Ndiyo tunasema dakika ya 12. Ukiandika "baada ya dakika 12" umelisogeza bao mbele, maana dakika 12 zikishatimia tayari mmo kwenye ya 13. Kwa hiyo usiangalie saa ukanakili namba unayoiona, ongeza moja. Muda wa nyongeza vivyo hivyo: 90+3 ni dakika ya tatu ya nyongeza, yaani saa ilikuwa inasoma 92 na sekunde zake.

Nikupe mfano mkubwa unaoujua. Novemba 29, 2022 Yanga walifungwa 2-1 na Ihefu kule Mbarali. Kabla ya siku ile walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Zile 49 ni idadi ya mechi walizopita salama. Iliyowaumiza ni ya 50. Sasa jaribu kuandika kichwa cha habari ukiwa na haraka: "Yanga yafungwa mechi ya 49" ni kosa la hesabu, umeiba mechi moja. "Yanga yafungwa mechi 49" ni balaa, umeandika kwamba wamefungwa mara arobaini na tisa. Tofauti ya vichwa hivyo viwili ni "ya" peke yake.

Turudi kwa jezi 9 wako. Bao la dakika ya 78 lilikuwa la tatu kwa timu, lakini kwake yeye lilikuwa la pili. Ukiandika "jezi 9 akafunga bao la pili" msomaji hajui la nani. Andika "akafunga bao la tatu la timu, la pili kwake." Kwa fedha ya mfadhili, hicho "kwake" ndicho anachokihitaji mweka hazina.

Jingine la kuangalia ni "mzunguko". Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30. Wapo wanaosema "mzunguko wa pili" wakimaanisha nusu ya pili ya msimu, mechi ya 16 hadi ya 30. Wapo wanaomaanisha mechi ya pili tu ya msimu. Mimi nilikuwa nasisitiza: mzunguko ni wa kwanza au wa pili, basi, zile za kila wiki ziitwe raundi. Si kila gazeti lilikubali.

La mwisho kwa leo ni neno lenyewe "mwisho", na hili lilinipata mimi. Niliwahi kupitisha sentensi kuhusu kipa mmoja: "katika mechi yake ya mwisho aliokoa penalti mbili." Nilimaanisha ile ya wiki iliyotangulia. Asubuhi dada yake akapiga simu dawatini akilia, anauliza kaka yake amepatwa na nini, mbona gazeti linasema mechi yake ya mwisho. Kijana alikuwa mzima, yuko mazoezini. Tangu siku ile, iliyotangulia naiita "iliyopita". "Ya mwisho" naiacha kwa ile ambayo haina nyingine baada yake.

Karani wa Mbagala

Mzee wangu, asante. Nimesoma mara tatu. Hilo la kuongeza moja kwenye saa sikulijua kabisa, daftari langu lote la miaka minne nimekuwa nanakili namba niliyoiona.

Mama Sarufi

Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nafundisha kidato cha kwanza na cha pili huku Ilala. Mzee amemaliza sehemu kubwa, mimi nijibu la "wa mbili".

Mwanangu, kosa ni la msomaji, wewe uliandika sawa. Ukikuta "wa 2" tamka "wa pili", siku zote. Moja na mbili ndizo pekee zinazobadilika umbo zikipanga: moja inakuwa kwanza, mbili inakuwa pili. Tatu na kuendelea zinabaki zilivyo. Lakini zikiingia ndani ya namba kubwa zinarudi kwenye umbo la kawaida: wa kumi na moja, wa kumi na mbili, wa ishirini na mbili. Wanafunzi wangu kila mwaka wananiletea "wa kumi na kwanza" na "wa ishirini na pili". Nawaelewa, wameifuata kanuni mpaka mahali ambapo haifiki.

Angalieni pia kwamba namba ikihesabu inavaa upatanisho yenyewe: wachezaji watatu, vikombe vitatu, mabao matatu. Ikipanga, upatanisho unabebwa na a-unganifu (zile wa, cha, la za mzee), namba inakaa uchi: mchezaji wa tatu, kikombe cha tatu, bao la tatu. Ndiyo sababu tarakimu zinatusumbua. Ukiandika "vikombe 3" na "kikombe cha 3", jicho linaona 3 ileile.

Kuna pale upatanisho wenyewe unapogombaniwa. Vitabu vinaandika "Vita vya Pili vya Dunia" na pia "Vita Kuu ya Pili ya Dunia". Darasani nakubali zote mbili, mradi mwanafunzi asizichanganye ndani ya sentensi moja.

Na "mosi" msiisahau. Bado iko hai: tarehe mosi, Mei Mosi, na kwenye hoja "mosi… pili… tatu…" Iko pia kwenye Jumamosi, kwa sababu wiki ya Kiswahili inaanza kuhesabiwa siku hiyo: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu nayo ni ya tano. Wiki yetu ina siku ya tano mara mbili! Nikiwaambia watoto wa kidato cha kwanza wanahesabu kwa vidole hapohapo kwenye madawati, na mimi nafurahi kila mwaka kama wao.

Fundi Simu Kkoo

Mwalimu shikamoo. Nina swali la kazi. Duka letu lipo Kariakoo kwenye jengo refu, nikimwelekeza mteja "njoo ghorofa ya tatu" nusu wanashukia ya pili na wengine wanapita. Nani mwenye hesabu sahihi?

Mama Sarufi

Marahaba. Hapo sarufi haikusaidii mwanangu, ni suala la unaanzia wapi kuhesabu. Kuna anayeiita ya chini ndiyo ya kwanza, kuna anayeanza kuhesabu baada ya kupanda ngazi. Mwambie "panda ngazi mara tatu". Ukigeuza mpangilio ukawa idadi, mteja anahesabu kwa miguu yake.

Mkimbiaji wa Alfajiri

Mimi ni wa riadha, nakimbia kila alfajiri nikipita daraja la Tanzanite, na nina neno kuhusu nafasi. Kuna jamaa aliwahi kubishana nami kwamba "mshindi wa pili" ni msemo usio na maana, kwamba mshindi ni mmoja na waliobaki wameshindwa. Nampinga kabisa.

Christchurch, Februari 2, 1974. Filbert Bayi anashinda mita 1,500 kwa dakika 3:32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand anamaliza wa pili kwa 3:32.5. Rekodi iliyokuwepo, ya Jim Ryun, ilikuwa 3:33.1. Maana yake yule wa pili naye alikimbia kasi kuliko mtu yeyote aliyewahi kukimbia umbali ule kabla ya siku hiyo. Utamwita aliyeshindwa? "Mshindi wa pili" ni jina la haki kabisa kwake. "Wa pili" inakwambia nani alikuwa mbele yake, haikwambii alikimbia vipi, na ndiyo maana ripoti nzuri inaweka nafasi na muda pamoja.

Na "wa mwisho" ndiyo inanigusa zaidi. John Stephen Akhwari, Mexico City 1968, marathoni. Alianguka akaumia goti, akamaliza zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde aliyeshinda. Watu wanaandika "alimaliza wa mwisho" wanafunga. Walioanza walikuwa 75. Waliofika walikuwa 57, naye ndiye wa 57. Wenzake 18 waliacha njiani wakiwa na miguu labda mizima kuliko wake. Nikiandika mimi naandika "wa 57 kati ya 75 walioanza". Ukisema "wa mwisho" bila idadi unawafuta wale 18, na unamweka yeye nyuma ya watu ambao yeye aliwapita kwa kutokuacha.

Karani, hata kwenye mashindano yenu ya mtaani fanya hivyo: "wa tano kati ya timu nane". Nafasi bila idadi ni nusu ya habari.

Kisha furahini nami kwa Alphonce Simbu wa marathoni. Wa tano Olimpiki ya Rio 2016, wa tatu mashindano ya dunia London 2017, wa pili Boston 2025, na Septemba 2025 kule Tokyo wa kwanza, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wote waliandikiwa saa 2:09:48. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Mtangazaji mmoja niliyemsikia akaisoma "sekunde ya tatu". Hapana jamani! Hiyo si ya tatu, wala si sekunde tatu. Ni sehemu tatu ukiigawa sekunde moja mara mia. Niliinuka kwenye kiti nikaisahihisha peke yangu sebuleni.

Dawati la Zamani

Hilo la "kati ya" nimelipenda, Mkimbiaji. Dawatini tulikuwa tunaisahau mara nyingi.

Karani wa Mbagala

Ndugu zangu nimerudi na habari. Jana jioni nilikwenda dukani kwa mfadhili pamoja na mweka hazina, nikiwa na daftari. Nikamfungulia ukurasa wenyewe wa Jumapili, dakika zote na alama za wafungaji zikiwa kwa peni. Akasoma kimya, akavua miwani, akaniambia, "Kumbe bao tatu ni bao la tatu." Nikamwambia ndiyo mzee, kosa ni langu. Neno la kwamba tumemla amelifuta, na ameahidi kulifuta mbele ya timu pia.

Jezi 7 amesharudisha elfu kumi. Jezi 9 anadaiwa elfu ishirini, ameomba alipe mara mbili, ya kwanza tarehe mosi mwezi ujao. Mfadhili amekubali.

Kwa Jumapili hii nimeandaa mfano nitakaoufuata. Naomba mnikague, hasa mzee wa dawati:

"Dk ya 12, jezi ya 9, bao la 1. Dk ya 31, jezi ya 7, bao la 2. Dk ya 78, jezi ya 9, bao la 3 (la 2 kwake). Mpira umekwisha 3-0. Mabao kwa mfungaji: jezi ya 9 mabao mawili, jezi ya 7 bao moja."

Dawati la Zamani

Mstari wa mabao kwa mfungaji nimeupenda sana, mweka hazina asome huo tu. Dakika na mabao viko sawa.

Kasoro ni moja. Umesahihisha kupita kiasi: rudisha "jezi 9" kama mwanzo, au "jezi namba 9". Ile 9 mgongoni haihesabu jezi tisa, wala haisemi kwamba kijana ni wa tisa kwa lolote. Ni jina lake la uwanjani. Ukiandika "jezi ya 9" mtu atauliza nane nyingine ziko wapi.

Karani wa Mbagala

Nimerudisha, mzee. Jezi namba 9.